Muhogo Uliopandishwa Cheo

Serikali ina furaha kuwajulisha wananchi kwamba mji wa Songea, kuanzia Jumatatu ijayo saa moja na nusu asubuhi, utakuwa mji wa kilimani uliozungukwa na mashamba ya chai na makazi ya wanyamapori. Wananchi wanaombwa kuzoea.

Tangazo hilo nililisoma mimi mwenyewe kwa kipaza sauti, nimesimama nyuma ya Land Rover, kutoka sokoni hadi Mjimwema. Wakati ule nilikuwa Katibu wa Kamati ya Mandhari, cheo ambacho hakikuwa na ofisi lakini kilikuwa na mhuri. Karibu na stendi, mama mmoja muuza vitumbua aliniuliza hiyo chai imekuja kwa lori au imeota yenyewe. Nikamjibu kwamba imekuja kwa sera. Akaitikia "haya", kwa sauti ileile anayotumia akipewa noti iliyochanika.

Naomba nieleze tulifikaje hapo, maana watu wa Songea wana tabia ya kusimulia mambo ya Serikali kama vichekesho.

Ilikuwa miaka ya soko huria. "Ndugu" alikuwa ameadimika, na mahali pake tulikuwa tumeletewa "Mheshimiwa", mzito zaidi kumtamka lakini aliyependeza na suti. Kila mkoa uliambiwa utafute mwekezaji wake, kama kijana aliyeota ndevu anavyoambiwa atafute mke. Wa kwetu alipatikana wizarani. Inasemekana aliingia kule akasema anataka kujenga hoteli katika mji wa kilimani, wenye chai pande zote na wanyama wa kutazama mtu akiwa amekaa barazani. Mikoa ikaulizwa nani anao mji wa namna hiyo. Mingine ilijibu ukweli, na ndiyo maana imebaki nyuma. Sisi tulijibu kwamba tunao, ila tupewe muda wa kuufagia.

Kilima tulikuwa nacho. Wanyama tulikuwa nao pia, isipokuwa wao hawakujua kwamba ni wetu. Walikaa wanakotaka, mbali huko upande wa Lusewa. Chai ndiyo ilikuwa na upungufu kidogo. Yote iliyokuwepo mjini ilikuwa ndani ya paketi, kwenye rafu ya duka la Alfani.

Kamati ikaundwa kuziba pengo hilo. Mwenyekiti akateuliwa Mheshimiwa Edwin, Mhehe wa Mufindi aliyeletwa kwetu kwa uhamisho. Kiti alipewa kwa utaalamu: alizaliwa jirani na shamba la chai. Hakuwahi kuipanda wala kuichuma, lakini alikuwa akipita kando yake akienda shule, na aliweza kueleza bila kusita kwamba chai ni ya kijani na ni fupi. Wajumbe tulitikisa vichwa. Kwa viwango vya Songea, huyo alikuwa ameshafika.

Kikao cha kwanza kilishughulikia wanyama. Ujumbe ulipelekwa Lusewa kuwahimiza tembo wasogee mjini. Wakulima wa kule waliupokea kwa heshima kubwa mno, wakasema tembo wote ni wetu, tuwachukue leo leo, na gari likishindwa kupanda watasukuma. Tembo wenyewe walionekana kwa mbali. Ujumbe ulirudi na taarifa kwamba walisikiliza kwa makini na hawakupinga. Hata hivyo hawakuja. Kamati ikaazimia kutumia wanyamapori waliopo, na waliopo, kusema kweli, walikuwa nyani wa mlimani na nguruwe pori mmoja mmoja. Nyani akapewa hadhi ya raslimali ya mkoa. Ikapigwa marufuku kumrushia jiwe, kumpigia debe, kumfokea, au kumwangalia kwa namna itakayomfanya ajione hatakiwi.

Hayo ya kumwangalia niliyaongeza mimi.

Kikao cha pili kilishughulikia chai, na hapo ndipo anapoingia Mama Benigna.

Mama Benigna alikuwa mjane wa Kingoni, mwenye shamba kwenye mteremko wa juu ya Mjimwema. Alikaa na mama mkwe wake, ambaye macho yalikuwa yameanza kumwacha, na wajukuu wasioacha kitu sahanini. Mwaka ule mvua ilikatika mapema. Mahindi yake yalikauka yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, akabaki na muhogo tu. Muhogo ule ndio uliokuwa ghala lake, na hakuwa na ghala lingine.

Kwa bahati mbaya, au nzuri, inategemea umekaa kiti gani, shamba hilo lilitazamana uso kwa uso na mwinuko uliochaguliwa kujengwa hoteli. Mgeni akikaa barazani na kuinua macho, angeona muhogo wa Mama Benigna. Mheshimiwa Edwin alisimama penye mwinuko ule, akafumba jicho moja, akanyoosha kiganja mbele ya lile lingine, akakaa kimya kitaalamu. Kisha akasema kwamba kwa pale tulipo, muhogo ule ukikatwa ukawa sawasawa, ni chai.

Kamati ilipitisha. Mahindi yasingekubalika, kwa kuwa mmea usioweza kuinama hauna nafasi katika uwekezaji, lakini muhogo ulionekana una nidhamu. Ikaagizwa ukatwe usawa wa kiuno, juu uwe bapa kama meza. Vibarua wakaletwa na mapanga, kamba ikavutwa toka upande hadi upande ili kusiwe na mmea wa kujifanya mrefu kuliko wenzake. Majani yaliyokatwa yalifungwa mafungu na kugawiwa wajumbe kwa matumizi ya kiofisi. Mke wangu aliyatwanga siku hiyo hiyo. Kisamvu kizuri, kilitaka karanga tu.

Kazi ilikuwa imefika katikati Mama Benigna aliporudi kutoka sala za jumuiya, ameongozana na akina mama wenzake. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba huku anatazama shamba, akaniuliza, "Mnanyoa au mnavuna?"

Mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyemjibu. Alieleza sera kwa kirefu, kuanzia hali ya uchumi wa dunia mpaka akafika kwenye ua wa Mama Benigna. Alisisitiza kwamba muhogo haujaharibiwa, umepandishwa cheo. Mama Benigna alimsikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza mahubiri marefu ya Padri, mikono mbele, kanga mabegani.

"Na nyani, baba?" akauliza. "Mmesema tusiwafukuze. Muhogo umekuwa mfupi, nyani anaona mpaka kwangu jikoni. Wakimaliza hapa, mimi na hawa wajukuu na mama mkwe tunakula nini mpaka mwakani?"

Swali hilo halikuwepo kwenye ajenda. Mheshimiwa alinitazama, nami nikatazama mlima Matogoro. Akina mama wa jumuiya walianza kunong'ona, na akina mama wa jumuiya wakianza kunong'ona Jumamosi, Jumapili habari iko parokiani, na Jumatatu iko mezani kwa mkubwa. Vibarua waliteremsha mapanga. Uwekezaji wa mkoa mzima ulikuwa umesimama kwenye mdomo wa mjane mmoja.

Hapo ndipo Mheshimiwa alipoonyesha kwa nini yeye ni Mheshimiwa. Alitoa tabasamu, akamshika Mama Benigna bega, akaacha Kiswahili cha ofisini.

"Ah, mtani wangu. Mbona unanuna? Mimi Mhehe, wewe Mngoni. Babu zangu waliwakimbiza babu zako mpaka wakasahau ngao njiani. Sasa mtani akichukua cha mtani, hapo kuna wizi?"

Akina mama wakacheka, maana kila mtu pale anajua kwamba ni babu zake Mheshimiwa ndio waliokimbia. Wangoni na Wahehe walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani, na tangu hapo hakuna aliyewahi kukubali kwamba alishindwa. Mtani akikuchukulia jembe hushtaki. Akikutukana msibani humnunii. Ukinuna, wewe ndiye mwenye kosa.

"Kumbe huu ni utani?" Mama Benigna akauliza.

"Utani mtupu, mtani wangu."

"Mbele ya hawa wote unasema?"

"Mbele ya hawa wote. Na Katibu huyu hapa shahidi."

Mama Benigna akashusha pumzi, akatengeneza kanga yake.

"Basi nimeelewa," akasema. "Mimi nilidhani ni Serikali."

Akaondoka anacheka. Kwenye gari, Mheshimiwa alinifundisha kwamba kiongozi asiyejua mila za watu wake ni sawa na dereva asiyejua breki. Nilikubaliana naye. Nilikuwa nimekaa mbele.

Nyani waliipokea hadhi yao bila majivuno. Walikuja asubuhi, wakati wa watu kwenda kazini, wakakaa kwenye mistari ya shamba wakifukua na kumenya, watoto migongoni. Hakuna aliyewarushia jiwe. Mama Benigna mwenyewe alionekana amekaa kizingitini anasuka mkeka, anawatazama kwa macho ya upole kama kanuni inavyotaka. Na lazima niseme ukweli wa kitaalamu: ukiwatazama kutoka kwenye mwinuko wa hoteli, pale mbali, wameinama kwenye kijani kile kilichokatwa sawasawa, walifanana kabisa na wachumaji wa chai. Mheshimiwa alipoona hivyo alitoa leso. Alisema hata Mufindi hajaona watu wa kujituma namna ile.

Walipomaliza nusu ya shamba, Mama Benigna alikuja mjini.

Ilikuwa mchana. Nilikuwa nyumbani kwa Mheshimiwa kumpelekea kitu cha kutia sahihi, na kwa kuwa chakula kilikuwa mezani sikuona haraka ya kuondoka. Kulikuwa na wali na kuku. Tukasikia hodi, kisha sauti inasalimu, "Kamwene!" kwa Kihehe safi kilichonyooka, kisha mlango ukafunguka kabla hatujakaribisha. Akaingia Mama Benigna na mkeka kichwani. Nyuma yake mama mkwe kashikwa mkono, nyuma yao wajukuu, na wa mwisho kabeba kinu.

Mama Benigna aliitazama meza. Akavuta kiti cha Mheshimiwa, ambacho Mheshimiwa alikuwa amekiacha ili kuona kuna nini, akakikalia. Akafunua bakuli la kuku, akapekua taratibu kwa kijiko, akatoa firigisi, akaila.

Msomaji anayejua nyumba zetu anajua firigisi ni ya nani. Mimi nilitazama dirishani.

"Karibu, mtani," Mheshimiwa akasema. "Umetutembelea?"

"Nimekuja kukutania."

"Mpaka lini?"

"Mpaka muhogo." Alilamba vidole. "Lile nusu shamba lililobaki likipona, tutavuna, tutarudi kwetu. Lisipopona tutapanda jingine, tungoje hapa hapa likomae. Unajua muhogo, mtani. Hauna haraka kama mahindi."

Mheshimiwa alimwita mkewe pembeni, lakini nyumba za Serikali za Songea hazina pembeni. Tulisikia vizuri akimtaka awatoe wale watu kwa hekima. Mke wake, Mama Evaline, alikuwa mwanamke wa Iringa aliyelelewa na bibi zake, si mtu wa kupandisha sauti.

"Nimfukuze mtani mezani?" akasema. "Mimi? Siku ukifa wewe nani atakuchimbia kaburi, Kamati?"

Kisha akaenda kuongeza mchele jikoni.

Mheshimiwa akanigeukia mimi, akitaka kanuni. Nilizifikiria zote. Kanuni za nyumba za Serikali zilikataza kufuga mbuzi na kupaka rangi bila kibali. Watani hazikuwataja. Na hata zingewataja, yeye ndiye aliyesema mbele ya umati kwamba huu ni utani mtupu, na shahidi nilikuwa mimi, mdomo umejaa wali.

Basi utani ukaendelea kadiri ya mila. Mama mkwe alipewa chumba chenye redio, akawa anasikiliza taarifa ya habari kwa sauti ya juu kabisa na kuipinga. Wajukuu walilala sebuleni, kwenye makochi ambayo sisi wajumbe tulikuwa tunaruhusiwa kuyatazama tu. Mama Benigna alivaa koti la suti la Mheshimiwa, lile la kijivu la kupokelea wageni, akawa analivaa kwenda kisimani. Jioni alisimama barazani nalo, kitambi amekitengeneza kwa mto, akahutubia majirani juu ya uchumi wa dunia. Majirani walikuja na viti vyao. Wengine walikiri kwamba ndiyo mara ya kwanza wanaielewa sera.

Mheshimiwa alicheka kila siku. Ilimbidi. Mtani hanuni. Alicheka mpaka shati likaanza kumpwaya, kwa sababu wali ulikuwa unamfikia mwisho na firigisi haikumfikia kabisa.

Baada ya muda alianza kukosekana ofisini asubuhi. Nilipoulizwa nilisema yuko uwandani, na haukuwa uongo. Mheshimiwa alikuwa amepiga hesabu zake akagundua kwamba kati yake na firigisi kuna nusu shamba la muhogo, na kwamba nyani wakilimaliza, Mama Benigna ataona Krismasi mbili kwenye kochi lake. Akanunua gumbuti. Akachukua debe bovu la mafuta ya taa. Mwanzoni alilipiga kwa fimbo iliyozungushiwa kitambaa, ili isisemwe kwamba Mwenyekiti amevunja azimio la Kamati yake. Lakini nyani si mtumishi. Haelewi onyo la mdomo. Siku moja walimchezea mpaka mkubwa wao akang'oa muhogo miguuni pake na kuumenya mbele yake. Mheshimiwa akafungua kitambaa.

Tangu hapo alifika shambani kabla ya nyani. Alipiga debe, alirusha mawe, aliwatukana kwa Kihehe na wakati mwingine kwa Kiingereza. Muhogo uliobaki ukapata nafuu, ukachipua, ukapita kiuno, ukapita bega. Nilipomkumbusha kwamba chai imerefuka, aliniambia kwa ukali kwamba ukataji umesitishwa kwa sababu za kitaalamu, na atakayegusa jani la mtani wake atamwona.

Mwekezaji alikuja bila taarifa, kama maradhi.

Alikuwa mtu mwembamba wa Ulaya, mwenye kofia na Kiswahili alichojifunza kitabuni, kila sentensi imepigwa pasi. Nilimpandisha mpaka kwenye mwinuko wa hoteli kwa sababu sikuwa na pengine pa kumpandisha. Alivuta hewa, akasifu kilima. Kisha akatazama ng'ambo, kwenye shamba, nami nikatazama viatu vyake.

"Je, yule bwana anafanya nini?" akauliza.

Ng'ambo, Mheshimiwa Edwin, gumbuti miguuni na shati limetoka kwenye suruali, alikuwa anakimbia kati ya mihogo akipiga debe kama anaitangaza siku ya mwisho, na mbele yake kundi zima la raslimali ya mkoa linapanda mlima. Nilimwambia mwekezaji kwamba ni maonyesho. Akasema angependa kuyaona kwa karibu. Tukateremka.

Shambani tulimkuta Mama Benigna amekuja kukagua muhogo wake. Alikuwa na jembe begani na koti la kijivu mwilini, limemkaa vizuri kuliko lilivyowahi kumkaa mwenyewe. Mheshimiwa alisimama hatua chache kutoka kwake, anahema, jasho linamtiririka, debe mkononi. Mwekezaji aliwaamkia wote kwa adabu. Akashika jani, akalitazama, akalinusa, akaliachia. Hakusema kitu juu ya jani. Alisema tu kwamba angependa kuonana na Mwenyekiti wa Kamati ya Mandhari, kwa sababu ana maswali kadhaa.

Mheshimiwa alilitazama debe. Nilimwonea huruma, kwa sababu niliyajua yote yaliyokuwa yanapita kichwani mwake: akisema ndiye, basi ndiye anayewapiga mawe wanyamapori, na hapa aliposimama ndipo penye chai.

"Mwenyekiti amesafiri," Mheshimiwa akasema. "Yuko Dodoma. Kikazi."

"Pole sana," mwekezaji akasema. "Na wewe ni nani, bwana?"

Mheshimiwa akalihamishia debe mkono wa pili.

"Huyo ni mlinzi wangu wa nyani," Mama Benigna akasema. "Mtu mzuri. Ila asiposimamiwa anazubaa, kama sasa."

Na kweli, wakati tunazungumza nyani walikuwa wamerudi. Mkubwa wao alikuwa ameshakaa kwenye mstari wa mwisho, ameshika shina kwa mikono miwili.

"Mlinzi," Mama Benigna akasema bila kugeuka. "Wale pale."

Mheshimiwa alimtazama mwekezaji. Akamtazama Mama Benigna na koti lake. Mwisho akanitazama mimi, muda mrefu, kisha akainua debe na kukimbilia huko analipiga.

Katika utumishi wangu wote nimefundishwa kwamba Katibu hamwachi Mwenyekiti wake peke yake kwenye utekelezaji. Nilivua tai, nikainama, nikaokota jiwe.

"Hilo dogo, baba," Mama Benigna akaniambia. "Chukua lingine."